Kanisa Lililoachwa: Tunachojifunza Petäjävesi

Katika somo la majengo ya ibada huwa nawaonyesha wanafunzi wangu picha mbili. Ya kwanza ni ya kanisa kuu la mawe lenye minara mirefu, na hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba lile ni kanisa. Ya pili ni ya jengo la magogo lenye paa la mteremko mkali, limesimama kati ya miti karibu na maji. Mwaka mmoja mwanafunzi alinyoosha mkono akauliza, "Mchungaji, hili ni ghala la mahindi?" Darasa zima likacheka. Nikawaeleza jina la kanisa hilo na umri wake, na kwamba waliolijenga walilitumia kwa zaidi ya miaka mia moja, kisha wakajenga jingine na kuliacha. Hapo mwanafunzi mwingine, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mwinjilisti kijijini kabla ya kuja chuoni, akauliza: "Kama walilijenga kwa mikono yao wenyewe, waliwezaje kuliacha?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Jengo ninalolizungumzia ni Kanisa la Zamani la Petäjävesi, katika Ufini ya kati, kama kilomita 35 magharibi mwa mji wa Jyväskylä. Ufini ndiyo nchi ambayo wengi wetu tumezoea kuiita Finland. Wapo Walutheri wengi wa Tanzania waliofundishwa, waliotibiwa au waliohubiriwa na wamisionari waliotoka huko. Lakini tunapowakumbuka wamisionari hao huwa tunakumbuka walichotuletea. Ni mara chache tunajiuliza walikotoka kukoje, na babu zao walisali katika nyumba za namna gani. Wengi wetu tunadhani kwamba Ulaya yote ilisali katika makanisa ya mawe. Huko kaskazini sivyo ilivyokuwa. Mlutheri wa kijijini alisali katika nyumba ya miti, iliyojengwa na watu aliowajua kwa majina.

Ujenzi wa Petäjävesi ulianza mwaka 1763 na kumalizika mwaka 1765. Wakati huo Ufini haikuwa nchi inayojitawala, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Sweden, na dini ya ufalme ilikuwa ya Kilutheri. Petäjävesi yenyewe haikuwa usharika kamili. Kwa lugha yetu tungesema ilikuwa mtaa chini ya usharika wa Jämsä. Kila aliyekulia kwenye mtaa wa pembezoni anajua maana yake: njia ni ndefu, mchungaji ni wa kugawana, na mambo makubwa huamuliwa kwingine. Watu wa mtaa huo waliamua kuwa na nyumba yao ya ibada. Mahali walipopachagua ni ardhi iliyo kati ya maziwa mawili, ili watu wa vijiji vya mbali waweze kufika kwa mashua wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi, maji yanapoganda, waweze kupita juu ya barafu.

Fundi wao aliitwa Jaakko Klemetinpoika Leppänen. Hakuwa msanifu majengo aliyesomea mjini. Alikuwa fundi wa vijijini, mtu wa shoka. Naomba msomaji alishike jina hilo, kwa sababu nitalirudia.

Sasa tulitazame jengo lenyewe. Kuta zake ni magogo ya msonobari yaliyochongwa kwa shoka na kulazwa moja juu ya jingine. Kwenye kila pembe magogo yamechongwa mapengo ili yaumane, na uzito wa gogo la juu hulibana la chini. Ukuta wa namna hii haushikwi na misumari. Unashikwa na uzito wake wenyewe na ustadi wa aliyechonga pembe. Paa limeezekwa kwa vigae vya mbao. Ndani, kuta hazikupakwa rangi. Mbao zimeachwa kama zilivyo, na miaka imezigeuza kuwa za kahawia.

Ramani ya jengo ni msalaba wenye mikono minne iliyo sawa. Juu ya kila mkono kuna dari ya mbao iliyopindwa kama upinde, na pale mikono inapokutana, katikati, dari inapanda na kuwa kuba yenye pande nane. Wataalamu waliolichunguza kanisa hili wanasema kwamba humo zimekutana fikra mbili za zamani. Moja ni ya wasanifu wa Ulaya wa karne ya 15 na 16, ambao walipenda kanisa liwe na kitovu, kila upande ukikitazama. Nyingine ni ya makanisa ya mawe ya Zama za Kati, yenye dari zinazopanda na kupindana juu ya kichwa cha mtu. Fikra zote mbili zilizaliwa katika miji mikubwa, kwa mawe na matofali. Leppänen alizichukua akazifanya kwa miti ya msitu wa kwao.

Hapa mhakiki anaweza kuuliza kama huo si uigaji tu: fundi wa kijijini anatamani mawe, kwa kuwa hana anatumia mbao. Nimelifikiria swali hili kwa muda, kwa kuwa linatuhusu. Sisi nasi tumeona makanisa ya matofali yaliyopigwa lipu na kuchorwa mistari ili yaonekane ya mawe. Tofauti ni kwamba Leppänen hakuificha mbao. Ukisimama chini ya kuba yake hudanganywa. Unaona kwamba huu ni mti, na unaona kwamba mti umefanya kazi ambayo kwingine hufanywa na jiwe. Aliazima umbo, hakuazima sura. Kwangu mimi huo ndio uaminifu wa kwanza wa jengo hili.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba si kila kanisa la mbao la Kilutheri lilijengwa hivyo kwa hiari. Katika nchi ambayo leo ni Slovakia, kuna kijiji kiitwacho Hronsek chenye kanisa la mbao la Kilutheri lililojengwa kati ya 1725 na 1726. Huko Walutheri waliishi chini ya watawala Wakatoliki. Sheria za mwaka 1681 ziliwaruhusu kuwa na nyumba za ibada mahali pachache tu na kwa masharti magumu: lijengwe kwa mbao, bila mnara, na likamilike ndani ya mwaka mmoja. Kwa watawala wale mbao ilikuwa alama ya kitu kisichotakiwa kudumu. Lakini kanisa la Hronsek bado limesimama. Walutheri wa Petäjävesi hawakuonewa hivyo, maana walikuwa wa dini ya mfalme. Walitumia miti kwa sababu miti ndiyo waliyokuwa nayo, na mikono yao iliijua. Katika sehemu moja mbao ilikuwa kifungo, katika nyingine ilikuwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo tusiseme kwamba mbao ni ya kinyenyekevu na jiwe ni la kiburi. Tuulize kwanza nani alichagua, na kwa nini.

Turudi ndani. Kanisa la msalaba wenye mikono sawa hufanya jambo fulani kwa waabudu. Hakuna aliye mbali sana na kitovu. Mimbari imewekwa kwenye kona ya ndani, karibu na makutano ya mikono, na sauti ya mhubiri inaelekea pande zote. Anayehubiri hapo hana safu moja ndefu ya watu mbele yake, amezungukwa. Kwa kanisa lililoamini kwamba imani huja kwa kusikia, ramani hii ni mahubiri tosha.

Lakini ramani hiyo ina kasoro, na uhakiki usiotaja kasoro ni pongezi tu. Madhabahu iko katika mkono wa mashariki. Aliyeketi ndani kabisa ya mkono wa kaskazini au wa kusini anaisikia mimbari vizuri, lakini kona ya ukuta inamficha madhabahu. Neno limewafikia wote, Meza ya Bwana haionekani na wote. Sidhani fundi ndiye wa kulaumiwa. Alijenga kwa ajili ya ibada ya wakati wake, ambapo mahubiri yalikuwa ya kila Jumapili na Chakula cha Bwana kilikuwa cha mara chache katika mwaka. Jengo husema ukweli kuhusu ibada ya waliolijenga, hata ule ambao wenyewe wasingeusema. Nasi tukitaka kujua tunachokiamini kwa hakika, tutazame tumeweka nini mahali panapoonekana na wote katika makanisa yetu ya leo, ikiwa ni pamoja na spika na viti vya wageni waalikwa.

Kitu kinachonivuta zaidi katika kanisa hili kiko chini ya mimbari. Mimbari yenyewe imepambwa kwa sanamu za kuchongwa. Chini yake, kama aliyejitwisha mzigo mabegani, kuna sanamu ya mtu. Huyo ni Mtakatifu Kristoforo. Hadithi yake ni ya kale na haimo katika Biblia. Alikuwa mtu mwenye nguvu aliyefanya kazi ya kuwavusha wasafiri mtoni kwa mabega yake. Siku moja akambeba mtoto mdogo, na katikati ya maji mtoto akawa mzito kupita kiasi, ndipo akajua kwamba aliyembeba ni Kristo.

Mtu anaweza kushangaa. Hili ni kanisa la Kilutheri, lililojengwa zaidi ya miaka 200 baada ya Mikael Agricola kutoa Agano Jipya kwa Kifini mwaka 1548. Mtakatifu wa hadithi za kale anafanya nini chini ya mimbari? Wengine watasema ni mabaki ya Ukatoliki ambayo watu hawakuwa wamekubali kuyaacha. Huenda. Lakini naomba tumsome pale alipowekwa. Hakuwekwa mahali pa kuombwa wala juu ya madhabahu. Amewekwa chini, amebeba, na alichokibeba ni mahali pa kuhubiria Neno. Tena amewekwa katika kanisa ambalo waumini wake walilifikia kwa kuvuka maji. Yule mama aliyepiga kasia tangu alfajiri na mtoto wake ndani ya mashua hakuhitaji kufafanuliwa Kristoforo ni nani. Sijui mahubiri gani kuhusu kazi ya jengo la kanisa yanayozidi haya. Kazi yake ni kubeba. Likibeba vizuri, macho ya watu yatakuwa kwa aliyebebwa.

Nisije nikawafanya wapendwa wasomaji wadhani kwamba waliosali humo walikuwa malaika. Ukristo wa Ufini wa karne ile ulikuwa wa nidhamu kali. Sheria ya kanisa ya mwaka 1686 ilimtaka kila mtu ajifunze kusoma na kuijua katekisimu, na asiyejua aliweza kuzuiwa kufunga ndoa. Katika sharika nyingi za nchi ile paliwekwa karibu na mlango wa kanisa gogo lenye matundu. Aliyelewa au kuvunja amani ya ibada alifungwa miguu humo huku jirani zake wakipita kuingia kusali. Watu wale wale waliojenga kuba nzuri juu ya vichwa vyao walijua pia kumwaibisha ndugu yao mlangoni. Sheria ile ile iliyowabana ndiyo iliyowafundisha kusoma hata watoto wa maskini. Tukilisifu jengo, tulisifu tukijua mambo hayo yote.

Kanisa la mwanzo halikuwa na mnara wa kengele ulioungana nalo. Mnara uliongezwa mwaka 1821, upande wa magharibi, na aliyeujenga ni Erkki Leppänen, mjukuu wa Jaakko. Wakati huo Ufini ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Sweden na kuwa chini ya mfalme wa Urusi tangu mwaka 1809. Serikali ilibadilika, fundi akabaki wa nyumba ile ile. Nausifu mnara huo kwa sababu moja: hauligombanishi kanisa la babu. Umewekwa mbele yake na kuunganishwa nalo kwa ukumbi mdogo, na msalaba wa mikono minne sawa haukuguswa. Mjukuu alikuwa na haja mpya, na alikuwa na ufundi wa kuitimiza, naye akaongeza bila kuharibu. Kuna kizazi kinachoweza kujenga tu baada ya kubomoa, na kuna kizazi kinachojua kuunganisha.

Halafu ukafika mwaka 1879. Usharika ulijenga kanisa jipya ng'ambo ya maji, nalo la mbao, ibada zikahamia huko, na kanisa la Leppänen likaachwa.

Hapa ndipo lilipo swali la yule mama darasani, na hapa ndipo ninapolazimika kusema habari zangu mwenyewe, maana siwezi kulijibu kama mtu aliye nje.

Nilipokuwa mchungaji kijana nilipangiwa usharika mmoja wa kijijini. Kanisa lake lilikuwa la mbao na mabati, limejengwa na babu na bibi wa wanasharika waliokuwapo. Mchwa walikuwa wameingia upande mmoja, na Jumapili za sikukuu watu wengi walisimama nje. Baraza la wazee likaamua lijengwe kanisa kubwa, mahali pale pale. Nililiunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Nilisimama mbele ya usharika nikanukuu habari za utukufu wa hekalu la pili, changizo likapita, na kwa siku mbili vijana wakalibomoa kanisa la zamani. Mbao nzuri zilitumika kushikilia zege la nguzo mpya. Zilizobaki ziliungua jikoni siku ya harambee.

Wiki ile akaja bibi mmoja, akaketi kwenye tofali nje ya ofisi. Akasema, "Baba Mchungaji, sina shida na kanisa jipya. Mimi nimekuja kuomba ule ubao wa nyuma ya madhabahu." Nikamuuliza ubao gani. Akaniambia kwamba mafundi wa kwanza waliandika majina yao kwa kisu nyuma ya ubao ule, na baba yake alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimehudumu mbele ya ubao ule kwa miaka miwili na sikuwahi kuutazama nyuma. Tuliutafuta pamoja. Haukuwepo.

Nguzo za kanisa jipya zilisimama bila paa kwa miaka minne, nasi tukasali chini ya turubai. Simlaumu mzee yeyote. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyesomea.

Kwa hiyo ninapowatazama watu wa Petäjävesi wa mwaka 1879, siwezi kuwahukumu. Nyumba yao ilikuwa na zaidi ya karne moja. Haikuwa na njia ya kupashwa joto, na baridi ya nchi ile si ya mchezo. Usharika hauishi kwa ajili ya magogo. Mwanafunzi wangu aliuliza waliwezaje kuliacha. Jibu ni kwamba walikuwa na haki ya kuliacha, kama wana wa Israeli walivyoliondoa hema la kukutania kila wingu liliponyanyuka. Tusilifanye jengo kuwa sanamu. Petro anatuambia katika waraka wake wa kwanza kwamba sisi wenyewe ndio mawe yanayojengwa kuwa nyumba.

Lakini tazameni namna walivyoliacha. Hawakulibomoa. Kanisa jipya lilipata mahali pake pengine, la zamani likaachwa lisimame palipo makaburi. Waliendelea kuzika katika uwanja wake, na kengele za mnara wa Erkki ziliendelea kutumika. Jengo halikuwa na ibada tena, ila bado lilikuwa na wafu wake, na walio hai waliendelea kulipitia kila walipomsindikiza mmoja wao. Kuacha na kubomoa si kitu kimoja. Kilichoachwa kinaweza kurudiwa na wajukuu wenye macho mengine. Kilichogeuzwa kuni hakirudi.

Na wajukuu walirudi, ingawa aliyewasaidia kufungua macho alikuwa mgeni. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa historia ya sanaa kutoka Austria, Josef Strzygowski, aliliona kanisa hili na kuwaonyesha wengine thamani yake. Ukarabati ulianza mwaka 1929. Mwaka 1994 UNESCO iliandikisha Petäjävesi katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama mfano wa ujenzi wa makanisa ya magogo wa kaskazini mwa Ulaya. Siku hizi ibada hufanyika humo wakati wa kiangazi, na maharusi hupenda kufungia ndoa hapo.

Nafurahi kwa hayo yote, nikiwa na wasiwasi mmoja. Jengo likishakuwa urithi wa dunia nzima, watalii huingia wakitazama dari, na wanaweza kutoka bila kujua kwamba dari ile ilijengwa ili watu wasikie jambo chini yake. Mimbari ya Kristoforo hupigwa picha na wengi. Swali ni kama wanaoipiga picha wamesikia neno lolote kutoka juu yake. Ndiyo maana ibada zile chache za kiangazi kwangu zina uzito kuliko cheti cha UNESCO. Zinamrudishia yule mbebaji mzigo wake.

Kabla sijamaliza, niseme neno kuhusu ukubwa, kwa sababu ndio ugonjwa wetu. Katika nchi hiyo hiyo ya Ufini kuna kanisa la Kerimäki, lililokamilika mwaka 1847, linalojulikana kuwa kanisa kubwa kuliko yote ya mbao duniani. Linaketisha watu zaidi ya 3,000, na liko kijijini. Ni kazi ya kushangaza na sitaki kuibeza. Lakini nikiambiwa nichague moja la kumfundishia mwanafunzi anayekwenda kuanza huduma kijijini, nitachagua Petäjävesi. Kerimäki linamwambia jinsi jengo linavyoweza kuwa kubwa. Petäjävesi linamwambia kwamba watu wa mtaa wa pembezoni, wenye fundi wao na miti yao, wanaweza kujenga kitu ambacho dunia itakuja kukitazama, bila wao kuwa na nia hiyo.

Wapendwa, katika sharika zetu nyingi bado kuna kanisa la zamani. Mengine ni ya mawe ya wamisionari, mengine ya mbao na mabati, mengine ya udongo yaliyopigwa lipu. Siku itafika ambapo baraza litaketi kuamua hatima yake. Siombi kila jengo lihifadhiwe, maana mengine hayana nguvu tena na yanahatarisha watoto wetu. Naomba mambo machache. Kama uwanja unatosha, kanisa jipya lijengwe pembeni, la zamani liwe darasa la kipaimara au mahali pa kwaya kufanyia mazoezi. Kama ni lazima libomolewe, lisibomolewe kabla jipya halijapata paa. Lipimwe, lipigwe picha ndani na nje. Wazee waitwe, waketi, waulizwe nani alipasua mbao, nani alibeba mawe, nani aliwapikia mafundi, na majibu yao yaandikwe katika daftari la usharika pamoja na kumbukumbu za ubatizo. Hayo hayahitaji mfadhili.

Jaakko Klemetinpoika Leppänen alimaliza kazi yake mwaka 1765. Mimi, mtu wa Afrika nisiyejua Kifini, nimelitaja jina lake na la mjukuu wake mbele yenu leo. Jina la baba wa yule bibi, aliyejenga kanisa ambalo mimi mwenyewe nilihubiri ndani yake, silijui. Nilimuuliza siku ile na akaniambia, lakini sikuandika.